Majani Makavu na Bei Yake

Katanika ni mtaa wa Kalemie, karibu na ziwa Tanganyika. Kila mtoto wa huko anajua ndagala. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa zao, hupata ndagala wengi, na bei hushuka sokoni. Mbalamwezi inapong'aa ndagala hupungua, na bei hupanda. Lakini mama aliyeanika ndagala wake juani hana hofu: anayo akiba.

Majani ya ng'ombe ni vivyo hivyo.

Wakati wa kiangazi majani ya vilimani hukauka. Watu wengi huyachoma moto. Baadaye hubaki majivu tu, na mbuzi hulia njaa. Huko Kenya wafugaji wamejifunza kwamba majani hayo ni mali.

Zamani Wamasai hawakununua majani. Nchi ilikuwa wazi. Mvua ikikosa hapa, walihamisha ng'ombe mpaka pale. Siku hizi mashamba mengi yamegawanywa na kuzungushiwa waya, na miji imekua. Njia za kuhamia zimezibwa. Ndiyo sababu majani yamekuwa bidhaa.

Majani yapandwayo sana huitwa Boma Rhodes. Mkulima huyakata yanapoanza kutoa maua, maana yakizeeka huwa magumu kama vijiti. Huyaanika siku mbili tatu, akiyageuza. Yakifungwa yangali mabichi huoza, tena huweza kushika moto yenyewe. Yakikauka hushindiliwa katika sanduku la mbao, hufungwa kamba, huwekwa ghalani. Robota moja lina kilo 15 hivi. Ng'ombe hula karibu kilo 8 kwa siku. Basi robota humtosha siku mbili tu.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, mvua ilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya. Majani yakawa ghali. Ng'ombe nao wakakonda, bei yao ikaanguka. Mfugaji akashikwa na mashaka mawili. Akiuza ng'ombe mmoja ili aokoe wengine, alipata fedha kidogo, na fedha hizo zilinunua majani machache. Asipouza, aliona wote wakifa. Mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa katika Kenya.

Je, kila mtu apande majani ili atajirike? Hapana. Mvua ikirudi, majani huota bure kila mahali, na robota hukosa mnunuzi. Mwenye akili huweka kwanza ya ng'ombe wake, kisha huuza yanayozidi.

Yosefu aliweka nafaka miaka saba ya shibe, na Misri ikapona njaa. Lakini mwenye ghala akingoja jirani afilisike ili amkamue, hiyo si akili, ni choyo. Akiba njema huponya nyumba, tena huponya na jirani.

Maswali
1. Kwa nini bei ya ndagala hupanda na kushuka?
2. Kwa nini Wamasai wa zamani hawakununua majani?
3. Majani yakifungwa mabichi hupatwa na nini?
4. Mtu ana ng'ombe 3. Kiangazi ni siku 120. Kila ng'ombe hula kilo 8 kwa siku. Aweke marobota mangapi ya kilo 15?