Somo la 21: Mzigo wa Mpagazi na Mzigo wa Roketi

Ukienda Kwihara, karibu na mji wa Tabora, utaona miembe mikubwa iliyozeeka. Miembe ya namna hiyo iko Ujiji pia. Hizo ni alama za njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora walitembea kwa miguu miezi miwili hadi mitatu.

Katika somo hili tutajifunza jinsi roketi ibebavyo mzigo wake, na jinsi vyuo vikuu vinavyofundisha elimu ya kuunda vyombo vya namna hiyo. Elimu hiyo huitwa uhandisi wa vyombo vya anga. Labda unashangaa kwamba tumeanza na mpagazi. Subiri kidogo, kwa maana yeye na roketi wana tatizo moja.

Hesabu ya mpagazi

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na kibaba kina uzito wa karibu theluthi mbili za kilo. Piga hesabu: kwa safari ya siku 90 mtu huyo alihitaji kilo ngapi za nafaka? Utapata kilo 60. Kama angelazimika kubeba chakula chake chote tangu Bagamoyo, chakula peke yake kingekaribia mara mbili ya mzigo, na vitambaa na shanga alizotumwa kupeleka bara zingebaki pwani. Safari iliwezekana kwa sababu chakula kilinunuliwa kwa wakulima njiani.

Roketi haina wakulima njiani. Injini ya motokaa huvuta hewa ya nje ili mafuta yapate kuungua, lakini huko juu sana hewa hakuna. Kwa hiyo roketi hubeba mafuta yake, na pia oksijeni ya kuyaunguza. Tena mafuta hayo yenyewe ni mazito, nayo huhitaji mafuta mengine ya kuyainua! Ili kupunguza uzito, wahandisi huiunda roketi kwa sehemu kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sehemu ya chini ikimaliza mafuta yake hutupwa, na ile inayofuata huwaka. Roketi ya Kimarekani iliyoitwa Scout ilikuwa na sehemu nne na uzito wa zaidi ya tani 15. Mwaka 1970 roketi ya aina hiyo ilipeleka angani setilaiti yenye uzito wa karibu kilo 140 tu. Setilaiti ni chombo kinachoizunguka dunia. Habari za setilaiti hiyo utazisoma hivi punde.

Jaribio

Chukua puto, uzi wa mita tano, utepe wa gundi na kipande kifupi cha mrija wa jani la mpapai. Pitisha uzi ndani ya mrija, kisha ufunge ncha zake kwenye miti miwili, uzi ukaze. Puliza puto, ulibane mdomo kwa vidole, ulibandike chini ya mrija kwa utepe. Sasa liachie. Umeona nini?

Hewa imetoka kwa nyuma na puto limekwenda mbele. Roketi husukumwa vivyo hivyo na gesi ya moto itokayo chini yake. Wanafunzi wengi hudhani kwamba gesi hiyo huisukuma hewa ya nje kama mguu usukumavyo ardhi. Sivyo. Roketi huenda vizuri hata mahali pasipo na hewa kabisa.

Kwa nini pwani?

Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Mahali palipo kwenye Ikweta husafiri karibu kilomita 1,670 kwa saa. Tabora iko digrii 5 tu kusini ya Ikweta. Basi mwanafunzi aliyeketi darasani Tabora naye anakwenda karibu kasi hiyohiyo, ingawa hasikii lolote. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na Ikweta hupata kasi hiyo bure.

Je, kwa nini basi isirushwe kutoka Tabora? Kumbuka zile sehemu zinazotupwa. Mashariki ya Tabora kuna Singida na Dodoma, kuna watu, mifugo na mashamba. Mashariki ya pwani kuna bahari.

Profesa Luigi Broglio, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Roma nchini Italia, alilijua jambo hilo. Katika miaka ya 1960 chuo kikuu chake, kwa kushirikiana na Marekani, kilisimika majukwaa ya chuma baharini karibu na Malindi, Kenya. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa ile ya kilo 140. Ilipewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupima miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Hewa ya dunia huizuia miali hiyo, kwa hiyo ilibidi chombo kipande juu ya hewa. Uhuru iligundua zaidi ya mahali 300 panapotoa miali hiyo. Setilaiti ya mwisho ilirushwa kutoka Malindi mwaka 1988.

Jina lilikuwa la Kiswahili, na bahari ilikuwa yetu ya Afrika Mashariki. Lakini michoro ilifanywa Marekani, na warushaji walikuwa Waitaliani. Hapo hali yetu ilifanana na ya mpagazi wa kuajiriwa, ajuaye uzito wa mtumba lakini asiulizwe bei yake. Hata hivyo, usidhani kwamba Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu wengine tu. Walikuwa na misafara yao wenyewe, na walisafiri hadi pwani kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaizoea njia ya bara.

Setilaiti ya Nairobi

Chukua rula, uchore mchemraba wenye pande za sentimita 10. Huo ndio ukubwa wa setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Roma, kilekile cha Profesa Broglio. Iliitwa 1KUNS-PF. Uzito wake ulizidi kilo moja kidogo tu, na ndani yake zilikuwamo kamera mbili. Ilipelekwa kwa roketi hadi kituo cha kimataifa cha anga, na tarehe 11 Mei 2018 ikaachiliwa kutoka maabara ya Japani iitwayo Kibo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya.

Setilaiti iliyo juu kiasi hicho, karibu kilomita 400, huizunguka dunia kwa dakika 92 hivi. Umbali wa Bagamoyo hadi Ujiji huuvuka kwa muda usiofika dakika 3. Kila mzunguko huingia kwenye jua kali, kisha kwenye kivuli cha dunia chenye baridi kubwa. Ikiharibika, hakuna fundi wa kuifuata. Ndiyo maana kabla ya safari wahandisi huitikisa kwa mashine kama itakavyotikiswa na roketi, huifungia katika chumba kisicho na hewa, huipasha moto na kuipoza, wakiandika kila kinacholegea. Kazi hiyo ya kujaribu na kuandika ndiyo utafiti, nayo huchukua muda mrefu kuliko safari.

Hapa Tanzania, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Na miombo ya Tabora, ambayo wapagazi waliivuka siku baada ya siku, hupigwa picha na setilaiti mbalimbali. Ukizilinganisha picha za miaka tofauti utaona msitu ulipokatwa.

Maswali

1. Kwa nini mpagazi aliweza kununua chakula njiani, lakini roketi hubeba hata oksijeni yake?

2. Rudia jaribio la puto ukining'iniza jiwe dogo kwenye mrija. Pima umbali puto linaokwenda. Ongeza jiwe la pili, upime tena. Andika ulichoona.

3. Muulize mzee wa kijiji chako jinsi watu walivyosafiri kwenda mbali zamani, na walikula nini njiani.