SOMO: Sabato inapoisha na kilio kinapoanza

Ndugu wasomaji, wazazi na viongozi wa familia zilizohama, hapa Kabongo na kwingineko, safari hii tujifunze kwa Wayahudi. Mjini Lubumbashi iko sinagogi yao. Wengi wa waliokuja kukaa huko walitoka kisiwa cha Rhodes. Julai 1944 Wanazi waliwakamata jamaa zao waliobaki kisiwani, wakawapeleka Auschwitz. Wengi hawakurudi.

Desturi yao
Jumamosi usiku Wayahudi huaga Sabato kwa ibada ya Havdala: kikombe cha divai, manukato na moto wa mshumaa. Lakini tarehe 9 ya mwezi wao wa Av hufunga, bila kula wala kunywa, wakikumbuka kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu, mara ya pili mwaka 70. Mfungo ukianza Jumamosi usiku, kama tarehe 2 Agosti 2025, divai itanywewaje?

Sheria inasema hivi:
1. Mchana wa Sabato watu hula vizuri, hata nyama na divai, ila huacha kabla ya jua kutua. Kilio hakiingizwi katika siku ya furaha.
2. Usiku husema maneno ya kutenga siku takatifu na siku za kazi, na kubariki moto tu. Manukato huachwa kwa sababu yanafariji.
3. Kikombe hungoja mpaka Jumapili usiku, mfungo ukiisha.
4. Mgonjwa anayehitaji kula hafungi. Yeye hufanya Havdala kwanza, halafu anakula.

Tunajifunza nini?
Kikombe kinaahirishwa, hakimwagwi. Huzuni ina saa ya kuanza na saa ya kuisha, na haimzidi mgonjwa. Kwetu pia hutokea kilio cha wahamaji kuangukia siku ya ndoa ya wenyeji. Ngoma ikilia karibu na wafiwa, maneno makali huanza, na kesho watu hawasalimiani kisimani. Viongozi wa pande mbili wakae mapema, wapange nani atangulie, ngoma inyamaze saa ngapi, na matanga yaondolewe lini.

Tena, Talmud inafundisha kwamba Hekalu la pili lilianguka kwa ajili ya chuki isiyo na sababu kati ya ndugu. Hii haina maana kwamba aliyechomewa nyumba ndiye mwenye kosa. Ni swali la kujiuliza mwenyewe, si la kumtupia jirani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi
- Ni furaha gani tuliiahirisha tulipokimbia, na hatujairudia mpaka leo?
- Katika vilio vyetu, nani anahakikisha wagonjwa na watoto wamekula?
- Ni nani sijamsalimia, na sababu yake naijua kweli?