Kinyama cha Tezi Dume: Rangi Zinavyotafuta Saratani

Kwa wanaume wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, pamoja na wake na watoto wao

Mzee anayeamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo, na mkojo ukatoka kwa kukatikakatika, huenda ana saratani ya tezi dume na huenda hana. Tezi hiyo hutanuka kwa wanaume wengi umri unapokwenda, bila saratani yoyote. Hata kipimo cha damu cha PSA hakikati shauri, maana kiwango hupanda pia kwa kutanuka huko na kwa maambukizi. Kinachokata shauri ni kinyama: vipande vyembamba vinavyochukuliwa kwenye tezi kwa sindano maalumu.

Kinyama hicho husafiri. Kutoka Kigoma kinaweza kupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kinga yake njiani ni fomalini ya asilimia 10, ambayo ujazo wake usipungue mara 10 ya ule wa kinyama. Kikiwekwa kwenye maji matupu huoza kama dagaa waliokosa jua, na hapo hakuna rangi itakayokiokoa. Kwa hiyo ndugu anayekabidhiwa chupa aulize bila haya: imetiwa fomalini? Jina la mgonjwa limeandikwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko tu?

Maabara hukigandisha kinyama ndani ya nta, hukikata utepe mwembamba kuliko unywele, kisha hukitia rangi mbili. Hematoksilini huvifanya viini vya seli kuwa vya buluu. Eosini huacha waridi kwingineko. Mara nyingi hizo zinamtosha daktari wa patholojia.

Penye shaka hutumiwa kingamwili, kila moja ikishika kitu kimoja tu na kukionyesha kwa rangi, mara nyingi kahawia. Vijifuko vya tezi yenye afya vimezungushiwa safu ya seli za msingi, na saratani ya kawaida ya tezi dume haina safu hiyo. Kingamwili ya p63 huitafuta. Isipoonekana, na alama iitwayo AMACR ikakolea, saratani hushukiwa zaidi. Lakini AMACR huweza kukolea hata pasipo saratani, ndiyo maana uamuzi hubaki kwa daktari aliye kwenye hadubini.

Wapo wanaofika hospitali wakilalamikia mgongo, kumbe ugonjwa umeshaingia mifupani na chanzo hakijulikani. Hapo kingamwili ya NKX3.1 ina thamani kubwa. Ikishika seli zilizotolewa mfupani, inaelekeza kwenye tezi dume, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa za kushusha homoni za kiume, ambazo huwapunguzia wengi maumivu.

Daini majibu kwa maandishi, yenye namba ya maabara. Kipande cha nta huweza kutunzwa kwa miaka. Hospitali nyingine ikihitaji rangi za ziada, waulizeni kwanza kama kinaweza kuombwa kwa namba hiyo, kabla mzee hajachomwa sindano nyingine.