Kuku na Baridi ya Kabale



Watu wengi hudhani kwamba baridi ndiyo iuayo kuku. Mimi nami nilidhani hivyo, na kosa hilo nusura linitoe shuleni.

Kwetu ni karibu na Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, katika milima ya mita 1,800 na zaidi. Nilikuwa na kuku 20 wa mayai, na mayai yao ndiyo yaliyolipa sehemu ya karo yangu. Mwezi wa Aprili, mvua ilipozidi, niliziba madirisha yote ya banda kwa magunia, nikaona nimewatendea wema. Baada ya majuma matatu mayai yalipungua kutoka 15 kwa siku hata 4. Kuku walikohoa, na wawili wakafa. Mama aliingia bandani, akatoka mara moja akifuta machozi. Akasema, “Mwanangu, humu hata wewe usingelala.”

Hapo ndipo nilipojifunza. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, na manyoya yake ni blanketi njema. Baridi kavu huivumilia. Adui yake ni unyevu. Pumzi na mavi hulowesha matandiko, na mavi mabichi hutoa hewa kali ichomayo macho na mapafu. Mimi nilikuwa nimemfungia adui ndani.

Basi, yafaa kufanya hivi:

1. Acha nafasi wazi juu, chini ya paa, ili hewa chafu itoke. Upepo usiwapige kuku walalapo.
2. Tandika maranda makavu, kina cha sentimita 10. Yaliyolowa yatolewe siku ile ile.
3. Weka miti ya kulalia, wasilale chini.
4. Wape maji safi daima, maana sehemu kubwa ya yai ni maji. Jioni waongezee mahindi, yawatie joto usiku.
5. Kuku mgonjwa atengwe, na chanjo ya mdondo irudiwe kama daktari wa mifugo aagizavyo.

Labda mtauliza: mbona Ulaya kuku hupunguza kutaga wakati wa baridi? Sababu kubwa ni giza. Kuku hutaga vizuri apatapo mwanga wa saa 14 hadi 16, na mwezi wa Desemba mchana wa London ni saa 8 tu hivi. Kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo mayai yakipungua ghafula, tusikimbilie kulaumu majira. Kwanza tutazame banda.

Niliondoa magunia na kubadili matandiko. Baada ya mwezi nikaokota mayai 13 kwa siku, na karo ikalipwa, ingawa kwa kuchelewa.

Nanyi mfugao kuku nyumbani, kesho alfajiri fungueni mlango wa banda, mvute pumzi. Pua ikichomwa, msingoje kuku wakohoe.