Unene na Presha: Mafuta ya Tumbo Yanafanya Nini?



Hapa kwetu Kiganjo mtu akinenepa tunamsifu: "Siku hizi umenona, mambo ni mazuri!" Sisi wenyewe tumesema hivyo mara nyingi. Lakini tukija kwenye vikundi na mashine ya kupima presha, wengi wa hao tuliowasifu ndio namba zao ziko juu. Nao huuliza: mafuta ya tumbo na presha yanahusiana vipi?

Zamani tulidhani mafuta ni akiba tu, kama mahindi kwenye ghala. Sivyo. Mafuta, hasa ya tumboni, yanatoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Moja inaitwa leptini. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba mwili umeshiba. Kwa mtu mnene leptini huwa nyingi mno, hata ubongo unazoea na njaa haipungui. Lakini leptini hiyo hiyo inaendelea kuchochea neva, zile zinazotushtua tukikanyaga nyoka shambani. Sasa zinashtuka mchana na usiku, na nyoka hayupo! Moyo unaenda mbio, mishipa inabana, figo zinashikilia chumvi, na chumvi inashika maji. Anayenyunyizia mboga kwa mpira anajua: bana mdomo wa mpira, ongeza maji, uone unavyokazana.

Tena mafuta hayo husaidia kutengeneza anjiotensini, inayobana mishipa na kuita homoni nyingine, aldosteroni, izuie chumvi isitoke na mkojo. Hata kukoroma kumo: pumzi ikikatika usingizini, neva hushtuka kila mara. (Tulipotaja hili akina mama walicheka sana wakiwatazama wazee wao.)

Jambo hili limeonekana hapa Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulifuata Waluo waliohama kijijini kwenda Nairobi. Baada ya muda mfupi tu presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Chumvi mwilini ilizidi, uzito pia, na moyo ulipiga haraka zaidi, ishara kwamba neva zimeamka.

Shida ni kwamba presha haiumi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha, na zaidi ya nusu ya watu hawajawahi kupimwa.

Azimeni tepu ya fundi wa nguo. Kiuno cha mama kikipita sentimita 80, au cha baba 94, aende zahanati akapimwe. Kilo 5 zikipungua, presha hushuka kama pointi 4 hivi. Lakini anayemeza dawa asiache bila kuulizia daktari.

Maswali ya kikundi:
Siku ya mkutano tunapika nini? Chai ina vijiko vingapi vya sukari, na mandazi ni mangapi kwa kila mtu?
Ni nani kati yetu hajapimwa presha mwaka huu, na nani atamsindikiza?