Je, Mtu Mweusi Alilaaniwa? Tusome Tena Habari za Hamu na Wakushi

SOMO LA KIKUNDI
Vitu vya kuandaa: Biblia, kamba ndefu, vitambaa vikuukuu.
Muda: saa moja na nusu.



Tunapotembelea vikundi, kuna neno moja ambalo halikosi kusikika. Tangi la maji limepasuka, au mwekahazina ametoroka na akiba, basi mzee mmoja anatikisa kichwa na kusema, "Aa, mtu mweusi alilaaniwa tangu siku za Nuhu." Watu wanacheka, lakini neno limeshaingia. Maana kama tumelaaniwa, kuna haja gani ya kukagua vitabu? Kuna haja gani ya kuuliza fundi alitia saruji kiasi gani? Laana haina risiti.

Kwa hiyo leo hebu tufungue Biblia wenyewe, tuone kama laana hiyo imo.

1. MAANDIKO YANASEMA NINI?

Mmoja asome Mwanzo 9:18-27 polepole. Nuhu alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi hemani. Hamu akamwona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake wawili. Nuhu alipoamka alitamka laana. Je, alimlaani nani? Angalieni vizuri mstari wa 25. Hakumtaja Hamu. Alimlaani Kanaani, mwana wa Hamu.

Sasa someni Mwanzo 10:6. Hamu alikuwa na wana wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Katika Biblia jina la Kushi ni la watu weusi waliokaa kusini mwa Misri kando ya mto Nile, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Kushi hakulaaniwa. Rangi ya ngozi haikutajwa hata mara moja. Tena aliyelaani ni Nuhu, aliyekuwa ameamka kutoka ulevini. Mungu mwenyewe alikuwa amembariki Nuhu pamoja na wanawe wote, Hamu akiwemo (Mwanzo 9:1).

2. BASI LAANA HII ILITOKA WAPI?

Ilitoka kwa watu waliotafuta faida. Huko Marekani, kabla utumwa haujafutwa nchi nzima mwaka 1865, wahubiri waliowatetea wenye watumwa walitumia sura hii. Walisema mtu mweusi ni mtoto wa Hamu, na mtoto wa Hamu ameandikiwa utumwa. 

Hapa kwetu Afrika Mashariki jina la Hamu lilitumiwa kwa njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alidai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi na hawakuwa wa asili moja na raia wao. Waliomfuata waliwaita watu hao "Wahamiti" na kuwasifu kuwa bora kuliko Wabantu. Watusi wa Rwanda waliwekwa katika fungu hilo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji ikaandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 waenezaji wa chuki waliwaita Watusi wageni wa kurudishwa Uhabeshi. Mamia ya maelfu waliuawa, na maiti zikachukuliwa na mto Kagera hadi Ziwa Victoria.

Mnaona, wapendwa? Jina ni lile lile. Kwanza lilitumiwa kumdharau mtu mweusi, halafu likatumiwa kumgawanya na jirani yake. Kikundi kikisikia kwamba kabila fulani limebarikiwa na lingine limelaaniwa, kikumbuke mto Kagera.

3. MKUSHI MWENYE KAMBA

Someni Yeremia 38:6-13. Yerusalemu imezungukwa na jeshi la Babeli na chakula kinakwisha. Wakuu wamemtumbukiza nabii Yeremia katika shimo la maji. Maji hayamo, ni matope tu, naye anazama.

Aliyemwokoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Tuangalie hatua zake:

(a) Alisikia, akatoka kazini kwake kwenda kumtafuta mfalme langoni.
(b) Alisema wazi kwamba wakuu wale wametenda vibaya.
(c) Hakwenda peke yake. Mfalme alimwambia achukue watu 30.
(d) Alipita ghalani akachukua vitambaa vikuukuu, akamwambia Yeremia avitie makwapani, chini ya kamba.

Vitambaa hivyo vinatufundisha mengi. Kamba tupu ingemtoa Yeremia, lakini ingemchubua. Mkushi huyu alifikiria hata ngozi ya mtu anayemwokoa. Baadaye Mungu alimwahidi kwamba maisha yake yatasalimika, kwa sababu alimtumaini (Yeremia 39:15-18).

4. WENGINE WALIOMO

- Tirhaka, mfalme wa Kushi (2 Wafalme 19:9), aliyetawala pia Misri.
- Mke wa Musa aliyekuwa Mkushi. Miriamu na Haruni walimsema Musa kwa ajili yake, na Mungu akawakasirikia (Hesabu 12).
- Ofisa wa malkia Kandake (Matendo 8:26-40). Baadhi ya tafsiri za Kiswahili zinamwita Mwethiopia, lakini nchi ya Kandake ilikuwa Kushi ile ile. Filipo alimkuta akijisomea nabii Isaya.
- Simeoni aitwaye Nigeri, yaani mweusi, aliyekuwa miongoni mwa manabii na walimu wa kanisa la Antiokia. Hao ndio waliowawekea mikono Barnaba na Paulo (Matendo 13:1-3).

Hatusemi kwamba kila mtu katika Biblia alikuwa mweusi, wala kwamba sisi ni bora kuliko wengine. Tunasema tulikuwemo, tena tukiwa na kazi ya maana.

5. TUTENDE

Zoezi: Mmoja aketi chini. Mpitisheni kamba makwapani, mvute polepole bila kumwinua. Rudieni mkiwa mmeweka vitambaa. Mwacheni aseme alivyosikia.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni shida gani ya kikundi chetu tumeiita laana, na kumbe ina sababu tunayoweza kuirekebisha?
2. Ni nani kijijini amezama matopeni, nasi tunapita tu? Kamba yetu ni nini? Vitambaa vyetu ni nini?
3. Binti zetu wananunua mafuta ya kujichubua ngozi, mengine yana zebaki inayoharibu figo. Nani aliwaambia rangi yao ni kasoro? Je, ni sisi?

Kabla ya kufunga, chagueni jambo moja kutoka swali la kwanza. Andikeni katika kitabu cha kumbukumbu ni nani atalifuatilia na lini ataleta jibu. Mkutano ujao mwanzie hapo.