Ubongo, Mawazo na Maumivu Yasiyokwisha

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aumwaye mgongo kwa miaka mingi huufahamu vyema ukweli wa methali hiyo. Picha za mifupa hazionyeshi kasoro, dawa hazimsaidii, na hatimaye jamaa zake huanza kunong'ona kwamba anajisingizia, au kwamba ugonjwa wake ni wa mawazo tu. Utafiti wa sayansi umeonyesha kwamba hukumu hiyo si ya haki.

Maumivu ni nini?

Mtu akikanyaga mwiba, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi ubongoni. Habari hiyo peke yake bado si maumivu. Huwa maumivu baada ya ubongo kuipokea na kuipa maana. Mwaka 1946 daktari Mmarekani, Henry Beecher, alieleza kwamba wengi wa askari aliowachunguza, waliojeruhiwa vibaya vitani, hawakuomba dawa ya kutuliza maumivu. Kwa maoni yake, jeraha lilikuwa na maana ya kuokoka na hatari ya vita. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo mna mfano wa lango, ambalo ubongo wenyewe huweza kusaidia kulifunga au kulifungua. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimesahihishwa baadaye, lakini kiini chake kimebaki: ubongo huweza kuyazidisha maumivu au kuyapunguza.

Mawazo ya kukata tamaa

Maumivu yanayodumu kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Mwaka 1995 Michael Sullivan na wenzake, nchini Kanada, walitunga kipimo chenye maelezo 13 cha kupimia mawazo ya mgonjwa. Kipimo hicho huchunguza mambo matatu: kuyarudiarudia maumivu mawazoni, kuyakuza kupita kiasi, na kujiona huna la kufanya. Wagonjwa wanaopata alama nyingi kwa kawaida huripoti maumivu makali zaidi na hushindwa zaidi na kazi zao.

Mabadiliko katika ubongo

Je, mawazo hayo yanahusianaje na umbo la ubongo? Mwaka 2004 Vania Apkarian na wenzake, huko Chicago, waliwapima wagonjwa 26 wa maumivu sugu ya mgongo kwa mashine ya kupiga picha kwa nguvu ya sumaku. Ilidhihirika kwamba tabaka la kijivu la ubongo, ambamo mmejaa seli za neva, lilikuwa pungufu kwa asilimia 5 hadi 11 likilinganishwa na la watu wenye afya. Upungufu ulionekana hasa katika eneo la mbele la ubongo, upande wa juu. Eneo hilo ndilo linalomsaidia mtu kuelekeza fikira zake na kuzitawala hisia zake. Likidhoofika, si ajabu mgonjwa akashindwa kuyaondoa mawazo yake kwenye maumivu.

Hata hivyo, upungufu huo haukuthibitisha ni kipi kilichotangulia: maumivu au udhaifu wa ubongo. Jibu moja limetokana na tiba. Mwaka 2011 David Seminowicz na wenzake walitangaza kwamba wagonjwa wa mgongo waliotibiwa na kupata nafuu, eneo hilo la ubongo liliongezeka unene. Mwaka 2013 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 13 wa maumivu sugu waliofundishwa kwa majuma 11 namna ya kuyatambua na kuyarekebisha mawazo ya kukata tamaa. Mawazo hayo yalipungua, na tabaka la kijivu likaongezeka. Idadi hiyo ni ndogo, wala mafunzo hayo si badala ya dawa. Lakini matokeo yanaelekea upande ule ule.

Funzo

Basi, kusema kwamba mawazo yanashiriki katika maumivu si kusema kwamba maumivu ni ya uongo. Mawazo nayo ni kazi ya ubongo, na ubongo ni kiungo cha mwili kama mgongo ulivyo. Mgonjwa hana sababu ya kuona aibu, na jamaa zake hawana sababu ya kumdhihaki. Kiungo kilichobadilishwa na maumivu kinaweza, kwa tiba na mafunzo yafaayo, kubadilika tena.